Kabla Uje Kulala kwa Gari Vasha

Ijumaa jioni ya mwisho wa mwezi, kaa kando ya barabara ya Moi South Lake hapa Karagita uhesabu. Land Cruiser yenye tenti juu ya paa. Prado. Noah iliyotolewa viti vya nyuma. HiAce mzee iliyokuwa matatu, sasa imepakwa rangi ya matope na kubandikwa picha ya mlima kwa mlango. Zinapunguza mwendo kwa matuta tu, kisha hizooo, kambi za mbele.

Halafu usiku nafungua TikTok napata somo: jinsi ya kuishi ndani ya gari. Inua kitanda, vitu vikae chini yake. Gawanya na pazia. Maji yakae kwa mtungi wa lita 20. Pika na gesi ndogo ya kilo 6 halafu isukume chini ya meza. Manze, mimi hucheka peke yangu. Hiyo si ni keja yetu? Nimelelewa kwa chumba cha futi 10 kwa 10, sisi wanne, mama akifanya kazi shamba la maua. Kitanda kilikuwa juu ya matofali ndio ndoo ziingie chini. Viatu vilining'inia kwa msumari. Meza ya kulia ndiyo ilikuwa ya kufanyia homework na ya kupigia pasi. Kitu tulikosa ni magurudumu tu.

Kwa hivyo nikikupa ushauri wa kulala kwa gari usiniulize naendesha gani. Naendesha za watu. Lakini kuishi ndani ya kitu kidogo kando ya ziwa hili, hiyo najua, na nimeona wageni wakija na gari ya mamilioni wakishindwa na maji ya kunywa.

Shida ya zile video ni kwamba nyingi zinatoka Marekani, na huko mambo yamepangwa. Kuna viwanja vya magari ya kulala: unaegesha, unachomeka stima, unaunganisha mpira wa maji, na kuna shimo la kumwaga choo cha gari. Pia kuna ardhi ya serikali yao, sana sana majimbo ya magharibi, ambapo sehemu nyingi unakubaliwa kukaa mpaka siku 14 bila kulipa. Msee wa huko akikuambia uendeshe tu na ukichoka ulale, kwake inawezekana. Jaribu hapa uone. Ziwa Naivasha limezungukwa na mashamba ya maua, hoteli, kambi na mashamba ya watu binafsi. Njia za umma za kufika majini ni chache, na mojawapo ni ufuo wetu wa Karagita. Ile kijani unaona kwa ramani karibu na maji ina mwenyewe, na mwenyewe ameajiri askari.

Ndio sasa mtu anafikiria, basi nitaegesha pale ufuo wa umma, ni bure. Tafadhali usifanye hivyo. Pale ni kazini kwa watu. Kuna mashua, nyavu, akina mama wa samaki, vijana wa kuchota maji, punda, boda. Na hakuna ua wowote kati yako na ziwa. Jioni moja nilikuwepo wageni wawili walipoanza kufungua tenti ya juu ya gari wakiwa wameangalia jua likizama, picha safi kabisa. Mvuvi mmoja wa makamo akawaendea, akawasalimia vizuri, halafu akamwambia yule jamaa, "Boss, mchana hapa ni petu. Usiku ni pa wenyewe." Jamaa akauliza wenyewe ni akina nani. Mzee akaonyesha majini kwa kidevu. Vichwa vitatu vya kiboko, masikio tu yakitikisika. Tenti ilifungwa haraka kuliko ilivyofunguliwa.

Kiboko hushinda majini mchana kwa sababu ngozi yake haivumilii jua. Giza likiingia anatoka kula nyasi, na anaweza kutembea kilomita kadhaa, mara nyingi kwa njia ileile ya kila siku. Ana uzito wa zaidi ya tani moja na nchi kavu anakimbia kukushinda wewe na viatu vyako vya mazoezi. Hana haja ya kukula. Balaa ni ukisimama kati yake na maji, au akushtukie karibu. Ndio maana kambi za maana hapa zina ua wa umeme kati ya nyasi na ziwa. Ukipiga simu kuulizia nafasi, kabla hujauliza bei uliza kama ua uko, unawashwa saa ngapi, na stima ikipotea wana nini. Ukijibiwa "hakuna shida, viboko hawasumbui," tafuta kambi nyingine.

Hata kama uko ndani ya ua, fikiria saa 9 usiku. Juu kwa tenti uko salama, lakini mkojo umekubana na unashuka ngazi kinyumenyume, mgongo ukiwa umeupa giza. Beba ndoo ndogo yenye kifuniko ubaki nayo juu. Sioni haya kusema, karibu kila keja ya huku inayo, kwa sababu choo cha ploti kiko mwisho wa ua na usiku ni usiku. Kama lazima ushuke, mulika pande zote kwanza na usikilize. Kiboko akila nyasi anasikika kama mtu anararua kitambaa kizito. Ukisikia hiyo, rudi kwa blanketi.

Nasema hivi kwa uzito kwa sababu Karagita hatuna ua wa umeme. Kuna wavuvi na watu waliokuwa wanarudi nyumbani gizani ambao waliumizwa na viboko, wengine hawakufika. Nikiona mtu anamtupia kiboko tufaha ndio apate video, nachoka.

Jambo lingine, ziwa lenyewe halikai mahali pamoja. Maziwa ya Bonde la Ufa yalipanda sana karibu 2020, Baringo, Nakuru na letu pia. Kule Kihoto karibu na mji watu walihama nyumba zao maji yakiwa ndani. Kambi kadhaa zilipoteza zile nyasi za chini zilizokuwa kwenye kila picha. Kwa hivyo ile sehemu uliona kwa picha ya 2018, miti ya mgunga yenye gome la manjano na tenti chini yake, inaweza kuwa leo ni maji na miti imekufa imesimama. Usiamini ramani, ongea na mtu ambaye yuko pale siku hiyo. Na usiegeshe chini ya mgunga uliokauka. Tawi lake halitoi onyo, na tenti ni kitambaa tu.

Gari sasa. Watu wanapenda kuanza na hii, mimi naona si kubwa hivyo. HiAce inatosha watu wawili vizuri, nyuma unapata kama mita 3 kwa moja na nusu. Noah inatosha kama hampendi kukaa wima. Lakini kama unanunua matatu ya zamani uigeuze nyumba, maliza karatasi kwanza. Kitabu cha gari kikisema ni ya abiria 14 na ndani kuna kitanda na sinki, hiyo si gari ileile tena. Mabadiliko ya bodi yanapitia NTSA, na bima ya matatu si bima ya gari ya kibinafsi. Polisi wa barabarani unaweza kuongea naye. Kampuni ya bima baada ya ajali, hiyo haiongeleshwi.

Na uzito. Lita 100 za maji ni kilo 100. Ongeza tenti ya juu, betri, kitanda cha mbao, gesi, watu wanne na makreti yao. Kutoka Nairobi mpaka hapa ni kama kilomita 90, na ukipitia Mai Mahiu unateremka ukingo wa bonde kwa barabara nyembamba yenye malori, ile inayopita kanisa dogo lililojengwa na wafungwa wa Kiitaliano wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Weka gia ya chini kabla hujaanza kuteremka, sio ukiwa katikati. Acha injini ishike gari, breki zipumzike. Ukinusa kitu kama kinaungua, tafuta mahali pa kuegesha salama usubiri zipoe, na usizimwagie maji. Tenti ya juu nayo inafanya gari iyumbe kwa kona na kwa upepo, na hapo chini upepo wa mchana si mchezo.

Tuje kwa maji, kwa sababu hapa ndipo hata watu wajanja wanapotea.

Maji ya visima vingi vya huku yana floridi nyingi. Inatoka kwa miamba ya volkano iliyo chini yetu. Shirika la Afya Duniani linasema isizidi miligramu 1.5 kwa lita, na visima vingi vya bonde hili vinapita hapo. Ndio unaona wasee wa rika langu wenye meno ya hudhurungi. Ukienda Nairobi kutafuta kazi watu wanadhani hupigi mswaki, na kuna marafiki zangu ambao hawacheki mdomo ukiwa wazi kwa picha hata siku ya harusi. Walikunywa maji hayo meno yakiwa bado yanaota.

Sasa mgeni anajaza tangi la gari kwa bomba la kisima, anachemsha, anaona amemaliza. Kuchemsha kunaua vijidudu, lakini floridi haiendi na mvuke. Maji yanapungua, floridi inabaki palepale, kwa hivyo kila lita inakuwa nayo zaidi. Zile chupa za kuchuja za wapanda milima nazo nyingi ni za vijidudu. Kinachosaidia ni mitambo ya kuchuja kwa utando, au makaa ya mifupa ya ng'ombe, njia ambayo Dayosisi ya Kikatoliki ya Nakuru imeifanyia kazi miaka mingi na kuitumia kwa vichujio vya nyumbani na vya jamii. Ndio, mifupa. Inachomwa, inasagwa, maji yanapita ndani yake na floridi inashikwa.

Wikendi moja haitakuharibia meno kama wewe ni mtu mzima. Lakini kama una watoto wadogo, au umekuja kukaa mwezi ukifanya kazi yako ya mtandaoni, tenga mitungi miwili: mmoja wa kunywa na kupika, uliojazwa maji yaliyotolewa floridi, mwingine wa kuoga na vyombo. Weka alama kubwa wasichanganye. Uliza muuzaji waziwazi kama maji yamechujwa floridi; huku kila mtu anaelewa swali hilo. Kwa kiasi, sisi wanne tulikuwa tunamaliza mitungi mitatu ya lita 20 kwa siku bila kufua, yaani lita 15 kila mtu, tukioga kwa karai. Mgeni aliyezoea shawa anamaliza hiyo kabla hajatoa povu kichwani. Oga kwa karai, utazoea.

Maji yakiingia lazima yatoke, na choo pia. Ziwa Naivasha halina mto unaotoka juu ya ardhi. Maji yanaondoka kwa mvuke, kwa pampu na kwa kupenya chini. Limo katika orodha ya ardhi oevu za Ramsar tangu 1995, lakini hiyo orodha haizuii mtu kumwaga sabuni. Osha vyombo mbali na ukingo, umwage mahali udongo unafyonza. Choo cha kubeba kimwage pale kambi imekuonyesha, na waambie kama unatumia ile dawa ya buluu, kwa sababu zingine zinaua bakteria wanaofanya shimo la choo lifanye kazi. Najua kuna mtu anasema, lakini Karagita yenyewe mitaro yenu iko hali gani? Mbaya. Mvua ikinyesha utaona na utanusa. Watu walijaa hapa kufuata kazi ya maua kuliko mabomba yalivyofuata watu. Sasa hiyo ndio sababu ya wewe kutuongezea?

Baridi. Watu wanasikia Bonde la Ufa wanafikiria joto, wanakuja na shuka moja. Tuko karibu mita 1,880 juu ya bahari, na usiku wa Juni na Julai unatetemeka. Hapo ndipo mtu anachukua jiko la makaa alilochomea nyama, analiingiza ndani ya gari na kufunga madirisha. Usiwahi kufanya hivyo, hata dakika kumi, hata makaa yakiwa yamebaki mekundu kidogo bila moshi. Hewa ya kaboni monoksaidi haina harufu wala rangi. Unasikia usingizi mtamu, na hauamki. Kila msimu wa baridi habari hizo zinakuja, na mara nyingi ni chumba kidogo kama chetu. Mama alikuwa anatoa jiko nje hata kama chai haijachemka, tukilalamika baridi anatupa sweta. Gari ni chumba kidogo zaidi. Gesi pia pikia mlango ukiwa wazi, na ukilala acha dirisha nafasi ya kidole. Kwa joto, chemsha maji, tia kwenye chupa ngumu, ifunge na fulana uiweke miguuni. Inafika karibu asubuhi.

Stima sitaongea sana. Betri ya kawaida ya volti 12 yenye ampia-saa 100 ina kama wati-saa 1,200, na ile ya asidi usiishushe chini ya nusu, kwa hivyo hesabu 600. Simu, taa na laptopu hazikusumbui. Friji ndiyo inakula. Kwa wikendi chukua kasha la barafu, uache kujisumbua na sola.

Sasa mvua, na hapa niwe mkali kidogo. Aprili 2012 vijana 7 waliokuja matembezi na kanisa walisombwa na maji kwenye korongo la Hell's Gate. Septemba 2019, korongo lilelile, watu 7 tena. Na usiku wa kuamkia Aprili 29, 2024, maji yalishuka kwa kishindo Kamuchiri, Mai Mahiu, na zaidi ya watu 40 wakafa, wengi wakiwa wamelala. Korongo likiwa kavu ni pazuri kuegesha: mchanga laini, upepo hakuna, kuta za kukufunika. Mvua inayokuja kukuua haihitaji kunyesha mahali ulipo, inaweza kunyesha mbali juu huko na wewe unaona nyota. Usilale mahali ambapo maji yamewahi kupita. Utajua kwa mchanga uliopangwa mistari na takataka zilizokwama kwenye vichaka. Msimu wa mvua, kama walinzi wa mbuga wamesema korongo limefungwa, limefungwa.

Ukitaka kulala ndani ya Hell's Gate, kambi kama Naiburta na Ol Dubai ziko juu ya majabali, na mimi nazipenda kuliko za ziwani. Viboko hawafiki, nyota zimejaa. Ila hakuna ua na nyati wanatembea, kwa hivyo hapo gari inashinda tenti ya chini. Unalipa kwa eCitizen, pesa taslimu hawapokei, kwa hivyo maliza hiyo kabla ya bando kuisha. Beba maji yako yote.

Wiki ya Safari Rally sahau kila kitu nimesema kuhusu kupata nafasi. Tangu mashindano ya dunia yarudi 2021 na Vasha kuwa makao yake, hata ploti za huku watu wanakodisha uwanja wa kuanikia nguo kwa mwenye gari. Ukija wiki hiyo, lipa mapema, na ukubali vumbi.

Na mkipita Karagita, simameni jameni. Najua mmejaza kreti kwa supamaketi ya Nairobi. Lakini sukuma ya soko letu imechumwa asubuhi, samaki ametoka majini usiku, na fundi wa pancha yupo hata Jumapili. Kuna welda wanaoweza kurekebisha kishikio cha tenti ukinywa chai. Mkifika kambini mwendo wa dakika ishirini mbele, nyanya tatu zitawagharimu vile mtu mwenye njaa hugharimika.

Kuondoka msiondoke alfajiri. Kuanzia saa 11 mpaka saa 1 asubuhi barabara hii ni ya wafanyakazi wa maua: mabasi ya mashamba, baiskeli bila taa, akina mama wakitembea pembeni kwa makundi, na ukungu wa ziwa juu yao wote. Kunywa chai yako, subiri saa 2. Na kama ni Jumapili ya kurudi Nairobi, panda mlima kabla ya saa 9 alasiri. Ukipita hapo malori yameshashika foleni, na hiyo nyumba yako ya magurudumu utalala ndani yake usiku wa tatu, katikati ya barabara.